Miezi Isiyoungana: Vibarua, Mikataba na Vizazi vya Wafanyakazi wa Mwanza

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipa karatasi nimsomee. Ilikuwa taarifa ya michango yake ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Amekata minofu ya sangara katika viwanda vya samaki vya hapa Mwanza kwa miaka kumi na mmoja, tangu 2014, na karatasi ilionyesha michango ya miezi 41. Tukaipitia mstari kwa mstari pale barazani kwao Igogo. Miezi mitano, halafu pengo. Miezi minne, pengo refu. Miezi mitano tena, safari hii jina la mwajiri limebadilika, ingawa geti alilokuwa akiingilia ni lile lile. "Mbona mimi nilikuwa kazini siku zote?" akaniuliza. Na kweli alikuwa kazini.

Pensheni ya NSSF inamtaka mwanachama awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Amebakiza miezi 139. Kwa mwendo aliokwenda nao mpaka sasa, hiyo ni miaka mingine 37. Yeye sasa ana miaka 37, kwa hiyo angeitimiza akiwa na miaka 74, na kwenye chumba cha minofu sijawahi kumwona hata mtu wa miaka 60 ameshika kisu.

Tukizungumzia kibarua huwa tunazungumzia ujira wa siku: shilingi ngapi, unalipwa jioni au Jumamosi. Ujira ni mdogo, hilo kila mtu analijua. Kinachonisumbua mimi ni hayo mapengo kwenye karatasi. Ajira ya muda humnyima mtu kitu ambacho hakioni kikiondoka: miezi yake haiungani. Na hasara hiyo haiwaangukii watu sawasawa. Ukitaka kujua nani kaibeba, muulize mtu alianza kazi mwaka gani.

Sheria inavyohesabu

Isome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kwa jicho la kibarua, utaona jambo ambalo mwenye ajira ya kudumu hana sababu ya kuliona. Karibu kila haki kubwa imewekewa mlango wa muda. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumgusi aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Likizo ya mwaka yenye malipo, siku 28, nayo kwa kawaida humsubiri atimize miezi sita. Kiinua mgongo huanza baada ya miezi 12 ya utumishi mfululizo: ujira wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu hukomea miaka kumi. Ambaye mkataba wake wa muda umeisha kwa sababu tarehe imefika, kiinua mgongo hicho hakimhusu.

Sasa chukua watu wawili. Mmoja amefanya kazi siku 2,000 bila kukatishwa. Mwenzake amefanya siku 2,000 hizo hizo, ila zimekatwakatwa vipande vya miezi minne minne. Wamechoka sawa, migongo inawauma sawa. Mbele ya sheria wa kwanza ana miaka, wa pili ana siku.

Waliotunga sheria hiyo hawakuwa vipofu. Ile miezi sita huhesabiwa kwa mwajiri yule yule hata kama mikataba ilikuwa zaidi ya mmoja. Mfanyakazi wa msimu anayo haki ya likizo yenye malipo. Aliyeitwa na kuachwa mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja na mwajiri huyo huyo, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, anastahili likizo. Kukataa kumwongezea mtu mkataba aliokuwa na sababu za msingi kuutarajia kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi. Tena mwajiri anawajibika kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha shauri linapofika mbele, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake.

Lakini shauri lifike kwanza. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Dada alisikia habari ya siku 30 katika mwezi wa nne tangu aambiwe apumzike. Neno walilotumia ni hilo, apumzike. Hakuna aliyemwambia ameachishwa, kwa hiyo hata siku ya kuanza kuhesabia hakuijua.

Neno kibarua nalo lina historia yake. Ni barua ndogo. Unguja ya enzi za karafuu, aliyekodishwa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuchukulia ujira jioni, mpaka jina la karatasi likamganda mtu mwenyewe. Baadaye kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kikaja kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambayo sharti ijae ndipo mtu alipwe. Ilikuwa mifumo ya kunyonya watu, na sina hamu nayo hata kidogo. Ila ule unyonyaji uliacha karatasi mkononi. Kibarua wa leo jina lake liko kwenye daftari la supavaiza, na daftari likijaa hatujui linakwenda wapi.

Nyumba moja, milango mitatu ya kuingilia kazini

Baba mkubwa, yaani baba yake dada huyu, aliingia kiwanda cha umma cha nguo mwaka 1971. Enzi hizo mwajiri alibanwa na sheria ya 1964 ya usalama wa ajira: kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la nidhamu, kamati ya wafanyakazi ilikuwa na nafasi yake ya kusikilizwa. Miji ya ziwa ilikuwa na viwanda vyake, MWATEX hapa Mwanza, baadaye MUTEX kule Musoma, na vinu vya kuchambua pamba vya ushirika huku na huko Usukumani. Kijana akishapata namba ya kazi, wazee walianza kuulizia lini ataoa.

Enzi ile nayo tusiipambe. Miaka ya 1980 bei zilipaa mpaka mshahara wa mwezi ukawa hauvuki wiki ya pili, na baba mkubwa alilima mpunga Magu ili watoto wale. Mfuko wake ulikuwa NPF, ulioanzishwa 1964. Ule ulikuwa mfuko wa akiba, ulilipa mkupuo mmoja basi. Pensheni ya kila mwezi ilikuja na NSSF mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye ameshatoka. Mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa, neno redandansi, yaani kupunguzwa kazini, likaingia kila nyumba, na kwake likaingia. Alitoka na kiinua mgongo chake, akanunua kiwanja kwenye mawe ya Igogo na kusimamisha vyumba vinne.

Baraza tuliyokuwa tumekaa siku ile ya karatasi ni ya nyumba hiyo. Dada hajawahi kulipa kodi ya nyumba maishani mwake kwa sababu baba yake aliachishwa kazi na sheria iliyomtambua. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu hapa kwetu ndivyo madhara ya ajira ya muda yanavyofichika: kizazi kipya kinalala ndani ya mafao ya kizazi kilichopita. Vyumba ni vilevile vinne, na wajukuu wanaongezeka.

Mama mkubwa aliingia kwa mlango wa sangara. Samaki huyu alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka kwa kasi ya ajabu miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza kupeleka samaki Ulaya. Aliajiriwa 1993, kwa mwezi, na kitambulisho chenye picha. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Mashine zikazimwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani kusubiri. Soko lilipofunguliwa tena mwaka 2000, kiwandani kwao walioitwa walirudi kwa malipo ya siku. Mtu yule yule, kisu kile kile, meza ile ile.

Wiki ile hakuna sheria iliyobadilika. Mageuzi ya ajira huwa tunayatafuta bungeni na kwenye Gazeti la Serikali, na huko yapo. Mara nyingi zaidi yanaingia wakati wa msukosuko: kazi inasimama kwa sababu ya kweli, na inaporudi hairudi na jina lake la zamani. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu, samaki walioingia viwandani walipungua na dada akaambiwa apumzike. Sababu ilikuwa ya kweli safari ile pia.

Sheria iliyobana mlango mmoja

Hapa ndipo mambo yanapochanganya, na nimesikia hata watu waliosoma wakikosea. Sheria ya 2004 haikuja kulegeza mikataba ya muda. Iliibana. Ilitambua mikataba ya aina tatu: usio na ukomo, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Ule wa muda maalumu iliuweka kwa ajili ya wenye taaluma na ngazi ya menejimenti, na kanuni za 2017 zikaongeza kwamba usipungue miezi 12. Mkata minofu, mshona magunia, mbeba mizigo, hao kwa mujibu wa maandishi ya wakati huo ama wawe na mkataba usio na ukomo ama wapewe kazi maalumu yenye mwanzo na mwisho.

Nia ilikuwa njema. Lakini maji yakizibwa huku hutafuta kwa kupitia. Mwajiri aliyeogopa mkataba usio na ukomo, na aliyezuiwa kumpa mkata minofu mkataba wa mwaka mmoja, alibakiwa na ule mlango wa tatu: kila siku ikawa kazi maalumu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wanajipanga getini, supavaiza anatoka na idadi kufuatana na tani zilizofika usiku kutoka visiwani. "Leo arobaini." Wa arobaini na moja anageuka na viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Kazi ya aina ile ile ikirudiwa siku 1,500, ni vigumu kwangu kuielewa kama kazi maalumu.

Halafu kuna lile jina lililobadilika kwenye taarifa ya NSSF. Kanuni za 2014 zilikataza wakala wa ajira kuwa mwajiri wa watu anaowatafutia kazi. Abaki kuwaunganisha tu. Alikokuwa dada akaingia mkandarasi, ambaye alipewa kazi nzima ya chumba cha minofu na kuja na "watu wake". Watu wake ni wale wale. Hesabu ya miezi ikaanza upya.

Yaliyowapata Wahispania

Nchi iliyochunguzwa sana katika jambo hili ni Hispania, na nairejea kwa sababu kule taarifa za michango ya mfuko wa jamii zilitunzwa vizuri, watafiti wakaweza kumfuata mtu tangu ajira yake ya kwanza. Mwaka 1984, ukosefu wa ajira ukiwa umefikia mtu mmoja kati ya watano, serikali iliruhusu mikataba ya muda kwa kazi za kawaida, hadi miaka mitatu, yenye fidia ndogo mtu anapoachwa. Waliokuwa na ajira za kudumu hawakuguswa. Sheria ililegezwa kwa wanaoingia.

Miaka michache baadaye karibu theluthi ya waajiriwa wa Hispania walikuwa wa muda. Watafiti walipowalinganisha vijana wenye elimu ndogo walioingia kazini kabla tu ya mageuzi na walioingia baada yake, walikuta mambo mawili. Waliokuja baadaye walipata kazi ya kwanza mapema zaidi, kama serikali ilivyoahidi. Lakini kadiri miaka ilivyosonga walifanya kazi siku chache zaidi na kupata kipato kidogo zaidi kuliko kaka zao. Waliotenganishwa na mwaka mmoja au miwili ya kuzaliwa wakawa na maisha tofauti. Msukosuko wa 2008 ulipokuja, walioachwa kwanza walikuwa wa muda, na ukosefu wa ajira ukavuka nusu ya vijana waliokuwa kwenye soko la ajira. Ilibidi kufika mwisho wa 2021 ndipo nchi ile ikabana upya mikataba hiyo, na ajira za muda zikapungua kweli. Aliyeingia 1984 akiwa na miaka 18 wakati huo ana miaka 55.

Kwa nini kazi ya kwanza iliyopatikana mapema imwache mtu nyuma? Kwa sababu mwajiri hamfundishi mtu atakayeondoka baada ya miezi mitano. Dada alipangwa kutoa ngozi, akapangwa kukata mnofu, basi. Kupima ubora, kuendesha mashine ya kugandishia, kujaza fomu za usafi zinazodaiwa na wanunuzi wa Ulaya, kozi hizo zilikwenda kwa wenye mkataba. Leo anaweza kuufungua sangara wa kilo nane kwa mikato isiyozidi kumi na mkono wake hausiti, hata kidole cha shahada kikiwa kimekufa ganzi kwa barafu. Ujuzi huo ni wa kweli, ila hakuna karatasi inayousema, na kila akiitwa upya anaitwa kama mgeni.

Nje ya geti, mkopo wa benki unataka mkataba na hati ya mshahara. Asiye navyo anakwenda kwenye kikoba, na kikoba kisipotosha anakwenda kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba kubwa. Watu hao wanachukua kadi ya benki au televisheni na riba yao inahesabiwa kwa wiki. Baba mkubwa alijenga kwa kiinua mgongo. Binti yake amenunua tofali mara tatu na mara tatu ameziuza kulipa deni.

Kilichobadilika 2025

Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika 2025 yamepanua wigo wa mkataba wa muda maalumu. Sasa hata wasio na taaluma wanaweza kupewa katika hali zilizotajwa, kwa mfano kazi za msimu, kazi iliyoongezeka kwa muda, au mradi wenye mwisho wake. Nimewasikia watu wakisema hii ni Hispania ya 1984 imefika kwetu, na nimewasikia wengine wakisema ni ukombozi wa vibarua. Mimi nadhani swali la kuuliza ni mkataba huu mpya unachukua nafasi ya kitu gani.

Ukichukua nafasi ya foleni ya getini, ni hatua mbele: una tarehe, jina la mwajiri, kiwango cha ujira, na michango isiyo na matundu kwa muda huo. Kwa dada yangu mkataba wa mwaka mmoja ungekuwa mrefu kuliko kipindi chochote kwenye ile taarifa yake. Ukichukua nafasi ya ajira isiyo na ukomo, basi vijana wanaoingia sasa watakuwa kama wale Wahispania, na hawatajua mpaka wafike miaka 40. Mambo haya mawili yanaweza kutokea ndani ya kiwanda kimoja, chini ya kifungu kimoja. Kwa hiyo naomba wakaguzi wa kazi na vyama vya wafanyakazi wasiishie kuuliza kama watu wana mikataba. Waulize ni wa ngapi kwa mtu huyo, na ule wa kabla yake uliisha lini.

Michango ya hiari ya NSSF kwa walio nje ya mfumo rasmi ipo, nami nimemshauri dada azibe angalau miezi ya mbele. Amekubali. Ameanza pia kuandika siku zake za kazi kwenye daftari la kaunta, tarehe, shifti, jina la supavaiza, kwa kalamu ya bluu.

Juzi mwanawe wa kwanza, mwenye miaka 19, alirudi na mkataba. Wa maandishi, wenye muhuri, wa kwanza katika nyumba ile tangu enzi za babu yake. Mama mkubwa akaushika kwa mikono miwili. Kazi ya msimu, ujira wa mwezi, NSSF imetajwa. Dada akaniomba nimsomee tarehe. Nikasoma: kuanzia 3 Machi hadi 31 Agosti. Akavuta daftari lake, akahesabu kwa vidole, Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, akarudia tena kuanzia mwanzo.

"Miezi sita kasoro siku mbili," akasema, akaiandika.